Ngozi ya Ng'ombe wa Msiba

Mwisenge, Musoma
Jumapili, 6 Julai 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine kwa ile ya Pasaka ambayo hukuiitikia. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu zako, goti limepunguza kukusumbua, na mtama umeingia ghalani kabla ndege hawajaumaliza. Natumaini dada Yuliana na watoto wake nao ni wazima. Mimi nikisema sijambo nitakuwa nimeanza barua kwa uongo, na hii nimeapa isiwe na uongo hata mmoja. Niseme tu kwamba nakula, nalala, na ile homa ya mwezi wa tano imekwisha.

Naandika kwa mkono kama watu wa zamani kwa sababu simu yangu hupokei, na ujumbe ninaomtumia Yuliana unasomwa lakini haujibiwi. Barua nimempa Lameck, yule muuza dagaa anayekuja gulioni Butiama, akukabidhi wewe mkononi. Naomba uisome mwenyewe. Umekuwa katekista miaka ishirini, umewasomea watu barua za maaskofu mpaka wakasinzia. Hii huwezi kushindwa. Usimpe Yuliana akusomee, maana akifika penye uchungu ataruka mistari.

Habari za huku si nyingi. Bado nachomelea mageti na madirisha, ingawa si pale nilipokuwa mwanzo. Nimehama chumba mara mbili tangu Machi. Bendi yetu imekufa. Najua utasema afadhali. Ulipotusikia mara ya kwanza ulimwuliza Ngolo kama ile ni nyimbo au watu wanagombana, naye mdogo wangu akacheka mpaka akakaa chini, akakujibu kwamba ni nyimbo za watu wanaogombana. Hakuna mtu aliyewahi kuueleza muziki wa panki vizuri kuliko hapo. Huku mjini wengi walijua panki ni kunyoa nywele tu.

Ulikuwa unaniuliza niliutoa wapi, nami nilikuwa nakukwepa. Niliutoa Nyegina, Mama, palepale kwenye kwaya ulikonipeleka mwenyewe. Mwalimu Clementi alinifundisha gitaa kwa ajili ya misa, na kijana mmoja wa kujitolea aliyekuja kuchimba visima akaniachia kadi ya simu iliyojaa nyimbo za watu wanaopiga kelele. Kiingereza chao sikukielewa nusu, ila hasira niliielewa yote. Krismasi ile nilichomeka gitaa la parokia kwenye redio mbovu, nikaupiga wimbo wa matoleo kwa mkwaruzo kama wao. Kikapu kikasimama katikati ya kanisa. Jumapili iliyofuata Mwalimu Clementi akaniambia kwa upole kwamba kwaya imenitosha. Ngolo alikuwa na miaka kumi na minne, hakufukuzwa na mtu, lakini alitoka nyuma yangu amebeba fimbo za ngoma. Tangu siku hiyo hatukuwahi kupiga mmoja bila mwingine.

Bendi tuliiita Furu, kwa sababu furu ni samaki mdogo wa miiba ambaye wakubwa hawamtaki mezani na sangara anammeza, lakini hajaisha ziwani. Ngoma kubwa Ngolo aliikata mwenyewe kwenye pipa la mafuta, mimi nikachomelea miguu. Wa tatu ndiye Silasi, mtoto wa wakulima wa pamba kule Bunda, aliyekuja Musoma kutafuta kazi na mfuko mmoja wa nguo. Alipiga gitaa la besi kama mtu anayelima, kichwa chini, bila kupumzika. Miaka minne alilala kwenye godoro langu, akala ugali wangu, na alipooa mimi ndiye nilisimama upande wake. Ukimkuta nyumbani ulimpikia kuku. Tulikuwa na neno letu moja kabla ya kupanda jukwaani, tunashikana mikono tunasema, Furu hamuuzi Furu. Leo nikilikumbuka naona aibu.

Sitakuficha kwamba maisha yale yalikuwa fujo. Bunda walitupiga chupa msimu wa kwanza, msimu wa pili wakaimba pamoja nasi. Kwenye harusi moja bibi harusi alituzima kwa mkono wake mwenyewe, akang'oa waya ukutani na shela kichwani. Nililala mahabusu siku mbili kwa kupiga bila kibali, na haki yao walikuwa nayo, kibali sikuwa nacho. Nilivaa pini kwenye masikio na minyororo ya mageti shingoni, na bibi mmoja pale sokoni akawa ananipungia msalaba kila nikipita. Nilifurahi, Mama. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na niliipata kwa jasho langu bila kumdhuru mtu.

Kisha ikaja Jumamosi ile ya tarehe 13 Julai mwaka jana. Tulipiga mchana Bunda kwenye uwanja wa baa, na jioni pikipiki yangu ikaanguka karibu na Kiabakari, Ngolo akafa. Hayo unayajua kwa jinsi nilivyokueleza, nami nitayarudia mbele kidogo. Kwanza nizungumze habari ya ngozi.

Ng'ombe wa msiba alikuwa yule dume jeusi mwenye baka mgongoni. Katika ukoo wetu ngozi ya ng'ombe wa msiba ni ya mjomba wa marehemu, hailaliwi na mwingine wala haiuzwi, na Mjomba Nicolaus alishaiulizia tangu siku ya maziko. Siku ya tatu ulinikuta nyuma ya nyumba nimeishika pale ilipowambwa juani, machozi yananitoka. Ukaniuliza ya nini. Nikakujibu kwamba nataka kuivalisha ngoma ya Ngolo, maana ile ya plastiki ilipasuka siku ile, na nisingependa ngoma yake ikae uchi.  Uling'oa vijiti mwenyewe, ukaikunja, ukaitia kwenye gunia la pamba, ukaniambia niondoke nayo alfajiri kabla ya watu. Mjomba alipouliza, ulimwambia mbwa wameiburura. Nilikupenda siku hiyo kuliko siku zote, na nilidhani siri ile ni yetu wawili hadi kaburini.

Niliiwamba. Tulimpata mpiga ngoma mwingine, tukapiga mara tatu tu, na kila mara ngoma ile ilipolia mimi nilikuwa nalia jukwaani bila kujificha. Silasi alijua ngozi ilikotoka kwa sababu nilimwambia. Nilikuwa namwambia kila kitu.

Mwezi wa kwanza akaacha kuja mazoezini. Mwezi wa pili nikaletewa video kwenye simu, na sio na mtu mmoja, nililetewa na watu tisa. Silasi yuko Bunda kwenye mkutano wa injili, suti ya kijivu, kipaza sauti mkononi, anatoa ushuhuda. Anasema, ndugu zangu, sisi tulikuwaga watumwa wa giza, ule muziki haukuwaga muziki. Anasema kiongozi wetu aliambiwa na wakubwa zake atoe mtu wa damu ili bendi ipae, naye akamtoa mdogo wake. Anasema ngozi ya ng'ombe wa msiba iliibwa ikawambwa kwenye ngoma, na kila ikipigwa ni marehemu anayelia humo ndani. Watu wanapiga mayowe. Mama mmoja anaanguka. Kisha Silasi naye analia, na mimi ninayemjua najua kwamba kilio kile kilikuwa cha kweli, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Hakuna bendi hapa duniani ambayo kwa video ile ingebaki. Tajiri wangu aliniambia wateja wanaogopa mageti niliyochomelea. Mwenye nyumba akanipa wiki mbili. Hapa Mwisenge watoto walikuwa wakiniona wanakimbia, na mchana mmoja vijana walikuja wakaitoa ngoma nje, wakaipasua kwa shoka na kuichoma moto pale barabarani huku wanakemea. Mimi nilisimama mlangoni nikaangalia. Wengine kati yao walikuwa wanakuja kucheza muziki wetu mwaka juzi, na majina yao nayajua.

Nilimfuata Silasi Bunda. Nilitaka kumpiga, sitakudanganya. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akamwambia mke wake anipe chai. Alisema usingizi ulikuwa umemkimbia tangu Julai, kila akifumba macho anamwona Ngolo, na mtumishi mmoja akamweleza kwamba kinachomtesa ni pepo lililotoka kwangu. Alipotoa ushuhuda akalala. Akaniambia nisimlaumu, yeye ameshaokokaga, na kama nami nataka amani anaweza kuniombea palepale. Mtoto wake alikuwa anatambaa miguuni pangu, yule waliyempa jina la Ngolo. Chai sikuinywa. Niliondoka bila kumgusa, na hadi leo sijui kama ile ilikuwa hekima au uoga.

Lakini Silasi ni mtu baki, Mama. Mtu baki akikuuma unafunga kidonda unaendelea. Mwezi wa tatu mliniita kikaoni nyumbani Mwitongo, nami nilikuja na moyo mwepesi, kwa sababu nilijua pale ndani yuko mtu mmoja anayeijua habari ya ngozi. Mjomba Nicolaus alisimama akauliza mbele ya ukoo mzima ile ngozi ilifikaje kwenye ngoma, kama mbwa waliiburura. Wote wakanitazama mimi. Mimi nikakutazama wewe. Ulikuwa unavuta uzi kwenye pindo la kitenge chako. Nilisubiri useme maneno mawili tu, nilimpa mimi. Nilisubiri mpaka uzi ule ukakatika, ukaanza mwingine.

Ningeweza kusema. Nilinyamaza kwa sababu nisingekuanika mbele ya kaka yako na shemeji zako kwamba ulimdanganya kwenye msiba. Nilifikiri utakuja nyuma ya nyumba baadaye uniambie pole. Hukuja. Waliamua kwamba niliiba ngozi, na aliyeiba ngozi hashindwi kuwa amefanya hilo lingine, na kwamba nisikanyage nyumbani mpaka ukoo utakaponiita. Nilitembea kwa miguu mpaka barabarani. Yuliana alinisindikiza hadi kwenye katani za mpaka wa shamba, akarudi bila kuniaga.

Lameck ameniambia neno jingine, nami nilimwomba alirudie maana nilidhani sikusikia. Anasema siku hizi ukiitwa Mama Thadeo huitiki, mpaka wakuite Mama Ngolo. Miaka thelathini na moja umeitwa kwa jina langu. Nilikwenda nikakaa ziwani siku nzima. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kunyang'anywa hata hilo.

Na sasa nasikia Jumamosi hii inayokuja ni misa ya mwaka, na baada ya misa kaburi litajengewa. Nasikia Silasi amekuja kwako mara tatu, alipiga magoti mlangoni, alilia, alikuletea sukari na kitenge, na wewe umemwita mwanangu. Nasikia ndiye atakayesimama mahali pa kaka, ndiye atakayeweka msalaba kwenye saruji. Mimi nimekatazwa kufika, yeye ameandaliwa kiti. Niliposikia hilo ndipo nikachukua kalamu.

Sasa kaa chini, Mama. Kama umesimama, tafadhali kaa.

Ngolo hakuendesha pikipiki siku ile. Aliyeendesha ni Silasi. Ngolo alikuwa amekaa nyuma.

Na Ngolo hakuwa amelewa. Alikuwa kwenye dawa za malaria, siku ya pili ya dozi, alikunywa soda ya machungwa tu, na alipiga ngoma akiwa na homa kwa sababu hakutaka kuniangusha. Tulipomaliza nilimwona anatetemeka. Mimi nilikuwa nabaki kupakia spika kwenye gari la kubeba pamba, nikasema atangulie akalale. Silasi alikuwa ameshakunywa bia, nilimwona akinywa, sikuhesabu ila nilimwona. Aliniomba ufunguo. Nilikuwa na haraka, nilikuwa nagombana na mwenye baa juu ya waya, nikautoa mfukoni nikampa bila kumwangalia. Ufunguo nilimpa mimi.

Nilipofika Kiabakari na lile gari, Ngolo alikuwa ameshafunikwa khanga ya mtu asiyemjua. Silasi alikuwa na mchubuko wa kiwiko, basi. Aliniangukia miguuni kabla trafiki hajafika, akasema mke wake ana mimba ya miezi minane, akasema, kaka, usiniuze, Furu hamuuzi Furu. Nikafikiri mmoja ameshapotea, kwa nini wapotee wawili. Nikafikiri pia kuhusu ule ufunguo. Askari alipouliza nani alikuwa anaendesha, mimi ndiye niliyejibu, nikasema marehemu. Akauliza alikuwa amekunywa, nikasema ndiyo, kwa sababu pikipiki yote ilikuwa inanuka bia ya Silasi.

Kisha nikaja nyumbani nikakudanganya wewe. Ulinishika mkono pale kaburini ukaniuliza kwa sauti ndogo kama mwanao alikufa amelewa, nami nikaitikia kwa kichwa. Najua kwamba tangu siku ile umefunga kila Ijumaa kumwombea. Najua ulimwambia padre. Najua wanawake wa jumuiya walikuwa wanasema kwa Mama Katekista mtoto kafia pombe, na wewe ukainamisha kichwa, ukaamini. Mtoto wako aliyekuwa safi kuliko sisi sote nilimvisha aibu ya mtu mwingine, akiwa hana mdomo wa kujitetea. Kabla Silasi hajanisaliti mimi, mimi nilikuwa nimeshamsaliti Ngolo. Nilijiambia ni urafiki. Haukuwa urafiki, nilikuwa naogopa kwamba wakimuuliza Silasi ufunguo aliupata wapi atanitaja.

Ndiyo maana nilinyamaza mbele ya ile video, Mama. Watu walidhani nimenyamaza kwa sababu ni kweli. Sikumtoa mdogo wangu kwa wakubwa wowote, hakuna wakubwa, kulikuwa na vijana watatu na pipa. Lakini kila nilipofungua mdomo kusema sikumwua, nilikumbuka mkono wangu unatoka mfukoni na ufunguo, nikaufunga.

Jumatatu ya tarehe 14 nitakwenda polisi kubadilisha maelezo yangu. Nimemwuliza mtu anayejua sheria, amesema wanaweza kunifunga kwa kudanganya, na wanaweza kumfunga Silasi kwa lile jingine. Mtoto wake nimemfikiria. Nimemfikiria mwaka mzima. Sasa namfikiria mwanao.

Sikuandikii ili unionee huruma, na wala sijakusamehe ule uzi wa kitenge. Nakwambia wazi ili usije ukadhani barua ndefu ni msamaha. Umenitupa ukijua, na mimi nimekudanganya nikijua, na katikati yetu wote wawili amelala mtoto mmoja asiye na kosa. Mfungo wa Ijumaa acha. Waambie wanawake wa jumuiya alikunywa soda.

Jumamosi nitapanda gari la asubuhi, nitafika Mwitongo kabla ya misa kwisha, nami nitasimama pale njia inapoingia nyumbani. Sitaingia kwa nguvu. Mahali pangu ni pembeni ya kaburi la mdogo wangu, na huyo mwingine hapaswi kugusa hata mchanga wake. Lakini nyumba ni yako. Ukiona nisiingie, usimtume Yuliana, usimtume Mjomba. Njoo wewe mwenyewe mpaka niliposimama, unitazame usoni, useme, Thadeo, rudi. Nitarudi, na sitakusumbua tena.

Wasalimie Yuliana na wanawe, mwambie hata kwenye katani nilimwona analia. Msalimie Mjomba Nicolaus kwa heshima zote. Habari ya ngozi umwambie au usimwambie, hiyo nakuachia. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia, kama bado wapo. Silasi akija, usimsalimie kwa niaba yangu. Goti lako lipake yale mafuta niliyotuma Desemba, yasikae kabatini.

Nakutakia uzima na usingizi.

Ni mimi, mwanao aliye hai,

Thadeo